Bega la Mwenyeji

Usiku wa tatu mfululizo, saa nane na dakika kumi,
mstari kwenye skrini unapanda kama Mlimwa:
asilimia ishirini, arobaini, tisini na saba,
unakaa huko juu hadi alfajiri
kisha unashuka bila kuaga.

Seva yetu ni moja tu, hapa Kizota,
nyuma ya ghala la chama cha wakulima wa zabibu,
nayo imebeba mashine pepe tisa.
Kazini tunasema: mwenyeji na wageni wake.
Mizani ni mgeni. Mishahara ni mgeni.
Barua, stoo, bei za mvinyo, wote wageni,
na kila mmoja anaamini nyumba ni yake peke yake.

Nilianza na wageni, kama mwenye nyumba yeyote
anapokuta sukari imepungua.
Mizani, ulifanya nini saa nane?
Nililala. Asilimia mbili.
Mishahara?
Leo tarehe kumi na moja, bwana, nani analipwa?
Nikazima mmoja, nikangoja usiku.
Nikazima wawili.
Asubuhi Lechipya wa uhasibu akasimama mlangoni, mikono kiunoni.
Mlima ulikuwa palepale.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Hawa wangu majembe wanayo,
wameyalaza chini,
na anayehema ni mwenyeji.

Nikahamisha saa ya nakala rudufu.
Nikabandika viraka vyote vya mwaka.
Wauzaji wa Dar wakaniambia: zima, washa.
Meneja akasema virusi.
Dereva akasema, "Mashine pepe, zitakosaje pepo?"
Tukacheka mchana ule.
Usiku, peke yangu na zile taa za kijani, sikucheka sana.

Usiku wa tisa nililala ofisini, kichwa juu ya gunia tupu.
Saa nane ilipofika niliacha kutazama asilimia,
nikatazama mwendo.
Hapo.
Prosesa iliyozoea kukimbia ilikuwa inatambaa.
Nyuzi joto themanini na nane. Tisini na moja.
Chuma, kwa kujiokoa, kilikuwa kinapunguza hatua.
Kazi ni ileile. Mzigo haukuongezeka,
bega ndilo lililopungua.

Lakini joto gani, Julai, Dodoma,
usiku ambao maji ya ndoo yanauma vidole?
Kiyoyozi ukutani kinanguruma, kinapuliza.
Nikaweka kiganja:
uvuguvugu, kama pumzi ya mbuzi.

Nikatoka. Upepo wa upande wa Ihumwa ukanipekua mifuko.
Nyuma ya ukuta, pale boksi la nje la kiyoyozi linapotema joto,
Sechelela, mlinzi wetu, amekaa juu ya kreti la soda.
Blanketi lake la kijivu amelitandaza
juu ya boksi, juu ya magoti,
kihema kidogo cha hewa moto.
Akashtuka, akazima tochi.
"Samahani. Hapa ndipo pana afadhali.
Ikifika saa nane, upepo wa huku hauna adabu."

Nilisimama na kompyuta kifuani
kama mtu aliyepeleka barua nyumba isiyo yake.
Joto lote la wageni wangu tisa
lilikuwa magotini kwake.
Na mshahara wake, nikakumbuka,
haumo hata kwenye ile mashine:
analipwa na kampuni ya ulinzi,
ikikumbuka.

Tukaliondoa blanketi pamoja, yeye huku, mimi huku.
Ndani, mlima ukaanza kuporomoka.
Nikampa koti langu. Mikono mirefu, akaikunja mara mbili.

Fomu ya hitilafu ina kisanduku: Chanzo.
Nimeandika, baridi.
Meneja ameirudisha na alama ya kuuliza.
Hatua zilizopendekezwa: kibanda chenye mlango, jiko moja la mkaa.

Kibanda kinasubiri bajeti.
Koti bado analo.